Mfarishi wa Mtoto wa Ughaibuni

Watu wa pwani yetu hawakuwa na haja kubwa ya mfarishi. Usiku wa kaskazi shuka moja ilikuwa nyingi, na usiku wa kipupwe mtu alijiongezea kanga ya pili akalala. Na aliyejaaliwa godoro la sufi na takia mbili alijihesabu kuwa amekamilika. Lakini jamaa zetu siku hizi wametapakaa mashariki na magharibi, wengine Muscat katika baridi inayotengenezwa na mitambo, wengine London na Toronto katika baridi aliyoiumba Mungu, na kwa sababu hiyo kitu kile cha tabaka tatu, yaani uso wa vipande vilivyoungwa, ujazo wa pamba katikati na bitana upande wa chini, vyote vikiwa vimeshikwa pamoja kwa bandi zinazopenya toka juu hata chini, kimeanza kuingia katika nyumba zetu na kutoka. Na aghalabu hutoka kwa njia ya hidaya, bibi akimpelekea mjukuu, shangazi akimpelekea mpwa, na dada akimpelekea dada.

Kushona kwenyewe si jambo la kubishaniwa, maana awezaye hushona na asiyeweza hununua. Linalobishaniwa ni namna ya kuufanya mfarishi uwe wa mtu fulani na si wa mwingine. Wako wanaosema kwamba hidaya isiyo na jina la mwenyewe ni bidhaa tu. Wako wanaoona kuwa jina likiandikwa waziwazi lina harufu ya majivuno. Na wako wanaoamini kuwa siri yote imo katika nguo zilizokatwa, hata kama hakuna herufi moja iliyotiwa juu yake. Ili hoja hizi zipate kukutana uso kwa uso nimewatunga wasemaji wanne, nikawaketisha ukumbini katika nyumba moja ya Mji wa Kale, Mombasa: Bibi, ambaye ametoka edani karibuni, Mjukuu wake, aliyekuja likizo kutoka Toronto, ambako dada yake amejifungua mtoto wa kike, Fundi, jirani mwenye cherehani, na Mwalimu, ambaye asubuhi husomesha madrasa na jioni huja kusoma magazeti ya watu.

MJUKUU: Bibi, kwa idhini yako nianze mimi. Mama amenipa kanga zake nne zilizochakaa, na katika sanduku la marehemu babu nimetoa kikoi kimoja na kanzu moja. Nakusudia kuvikata vipande vya mraba, kuviunga, na katikati kudarizi jina la mtoto na tarehe aliyozaliwa. Kule ninakokaa, mfarishi wa mtoto usiokuwa na jina hauna tofauti na ule wa dukani. Na desturi hii si ya jana. Katika miaka ya 1840, huko Baltimore na miji mingine ya mashariki ya Marekani, wanawake walishona mifarishi ambayo kila kipande chake kilitiwa saini ya mtu kwa wino usiofutika, wakampa bibi arusi au jamaa anayehamia magharibi, ili afikapo huko mbali awe nao wote juu ya kitanda chake. Dada yangu naye yuko mbali, Bibi.

BIBI: Maneno yako mazuri, mwanangu, ila nikuulize: huyo mtoto atapotea ndani ya nyumba ya mama yake hata atambulike kwa nguo? Mimi nimemshonea babu yako kofia tangu hatujaoana, kofia za tobo, na kila aliyepata kuishika kazi ile anajua kwamba moja humla mtu miezi, kwa kuwa kila kitundu huzungushiwa uzi kwa mkono, na nakshi ikikosewa hufumuliwa. Sikupata hata siku moja kuandika jina lake. Kofia ilikuwa yake kwa sababu ilipimwa kwa kichwa chake. Angeiokota mtu mwingine njiani ingemlegea au ingembana, na mwenyewe angejua kuwa amevaa cha mtu. Fauka ya hayo, jina humfungia mtu mlango. Mtoto huyu akijaaliwa ndugu, na ndugu huyo akalazwa juu ya mfarishi ulioandikwa jina la aliyemtangulia, je, atakua akijiona ni mwenye nyumba au mgeni?

FUNDI: Mimi sina elimu ya majina, Bi Mkubwa, nina elimu ya vitambaa, na vitambaa hivi alivyovileta mjukuu wako havipatani. Kanga ni nyepesi, kikoi ni kizito na kimefumwa kwa kubanwa. Ukiviunga pamoja, vikioshwa, cha pili kikirudi na cha kwanza kikabaki, uso wote utajikunja. Kanzu inaweza kukaa na kanga bila ugomvi. Na hizo kanga ni heri zimechakaa, maana kanga mpya ina wanga na ina rangi isiyotulia, hususan nyekundu na nyeusi, na ukiiweka kando ya kanzu nyeupe utajuta siku ya kwanza ya kufua. Ilhali kanga kuukuu imekwisha kutoa rangi yote iliyokuwa na nia ya kuitoa. Kata kwa kufuata uzi, usikate mshazari, maana kitambaa kilichokatwa mshazari hunyumbuka mkononi. Acha nafasi ya mshono kila upande. Na bandi zako za kushika tabaka tatu zisiachane sana, kwa sababu pamba isiyoshikwa hutembea, na baada ya kufuliwa mara chache yote hukusanyika pembeni kama watu waliokimbia jua.

BIBI: Na maandishi ya kanga?

FUNDI: Hilo nalo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina lake lililopigwa chapa upande wa chini. Ukikata mraba kwa mraba utayapasua yale maneno, na mtoto atalalia nusu ya neno hapa na nusu kule, pengine likageuka likawa tusi.

Hapo walicheka wote, lakini Fundi hakuwa akifanya mzaha mtupu. Kanga hupigwa chapa kiwandani kwa maelfu, maneno yaleyale, rangi zilezile, na hata hivyo mwanamke akimchagulia mwenziwe doti moja baada ya kusoma maneno yake dukani, yule aliyepewa huyapokea kana kwamba yameandikwa kwa ajili yake peke yake, akafurahi au akanuna kulingana na alichokisoma. Hii ni hoja yenye uzito dhidi ya Mjukuu, kwa kuwa inaonyesha kwamba kitu chaweza kuwa cha mtu mmoja bila ya kutengenezwa kwa ajili yake; na ni hoja yenye uzito dhidi ya Bibi vilevile, kwa kuwa inaonyesha kwamba watu wa pwani hatujapata kuogopa maneno juu ya nguo.

MWALIMU: Mnabishana juu ya jina, na mimi naona tuna jambo kubwa zaidi limekaa sandukuni. Hicho kikoi na hiyo kanzu ni za nani?

MJUKUU: Za babu, Mwalimu.

MWALIMU: Zilikuwa za babu. Mtu akifa, alichokiacha chote, hata kiatu chake, ni tirka. Hutolewa gharama za maziko, zikalipwa deni, ukatimizwa wasia kama upo, na kinachobaki ni mali ya warithi. Bibi yako ana thumuni yake kwa kuwa marehemu ameacha watoto, na iliyobaki ni ya mama yako na ya mjomba wako aliye Muscat, mwanamume mafungu mawili na mwanamke moja. Wewe, maadamu mama yako yu hai, huna hata kifungo cha kanzu ile. Najua watu husema ni nguo kuukuu tu, na wengi huzitoa sadaka siku ya arubaini bila kumwuliza mtu. Lakini mali ya watu haiwi halali kwa sababu imechakaa. Mkasi ukishapita haurudi. Mwandikie mjomba wako.

MJUKUU: Nitamwandikia sasa hivi, Mwalimu, simu ninayo hapa. Lakini nisikilize, maana umenikumbusha jambo. Katika jimbo la Alabama, kwenye pindo la mto uitwao Alabama, kuna kijiji cha watu weusi kinachojulikana kwa jina la Gee's Bend. Wengi wao jina la ukoo ni Pettway, nalo ni jina la mwenye shamba aliyewamiliki wazee wao zama za utumwa. Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa hapo, Missouri Pettway, alifiwa na mumewe. Akazichukua nguo zake za kazi, suruali na mashati yaliyopauka kwa jua la shamba la pamba, akashona mfarishi akisaidiwa na binti yake Arlonzia, ili apate kumkumbuka na kujifunika naye. Mfarishi huo haukuandikwa jina. Rangi ya magotini imefifia mahali pake na imekoza palipokuwa na mifuko, na mtu hahitaji kuambiwa kuwa hapo palikuwa na mwanamume aliyefanya kazi. Ndiyo sababu nataka kanzu ya babu. Nadhani nimejipinga mwenyewe kidogo.

BIBI: Umejipinga sana, na ni vyema. Mwanamke huyo alikuwa na akili. Mimi nikifa msinishonee kitu kwa nguo zangu mpya, zitolewe. Lakini lile gwanda la jikoni chukueni.

MJUKUU: Ila hamjanishinda juu ya jina. Ugonjwa wa ukimwi ulipokuwa ukiwamaliza vijana wa San Francisco, na watu wakiona haya hata kutangaza vifo, mtu mmoja, Cleve Jones, alianzisha kazi ya kushona kipande kimoja cha mfarishi kwa kila aliyekufa, futi 3 kwa futi 6, kadiri ya kaburi la mtu mzima, na juu yake jina lake. Mwezi Oktoba mwaka 1987 vilitandazwa vipande 1,920 mbele ya majengo ya serikali huko Washington. Na leo vimekaribia 50,000, hata hakuna uwanja wa kuvitandaza vyote kwa urahisi. Mama na baba, ndugu na wapenzi, wengine hawajapata kushika sindano, walishona herufi kubwa ili jina lisomeke kutoka mbali. Mtu angewaambia hao kwamba jina ni majivuno?

BIBI: Asingewaambia, na mimi siwaambii. Lakini wewe mwenyewe umesema ni maiti. Jina husimamishwa juu ya aliyekwenda, kwa kuwa hawezi kuitika tena. Huyu wa Toronto anaitika, na kama bado haitiki basi analia, na kilio chake mama yake hakikosei.

Nakiri kwamba niliposikia jibu hili, ingawa ni mimi niliyemtia Bibi kinywani, nilielemea upande wake. Jina la mtoto katikati ya mfarishi, lenye kuzungukwa na maua na tarehe, mara nyingi huwa ni kwa ajili ya wageni wanaokuja kutazama. Mtoto mwenyewe hujifunza kuupenda mfarishi kabla ya kujua kusoma. Huujua kwa harufu, kwa pembe aliyoitafuna, kwa kipande kimoja chenye mshono mnene ambacho kidole chake hukitafuta gizani.

MWALIMU: Basi kama jina la mpewa halina haja, nitawauliza juu ya jina lisilotajwa na mtu hapa tangu tulipoketi. Alikuwako mwanamke Marekani, katika jimbo la Georgia, akiitwa Harriet Powers, aliyezaliwa mtumwa mwaka 1837. Alishona mfarishi wenye picha kumi na moja za visa vya Biblia, zilizokatwa kwa kitambaa na kubandikwa juu ya kitambaa, akauonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens mwaka 1886. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, akataka kuununua. Bi Harriet akakataa kwa bei yoyote. Miaka michache baadaye shida ikamfika, akautoa kwa dola 5 baada ya kutaka 10, na kabla ya kuondoka akaeleza kila picha maana yake, naye mnunuzi akayaandika. Alirudi mara kadhaa kuutazama. Leo mfarishi huo umo katika hazina ya Smithsonian, na jina lake tunalijua. Lakini tunalijua kwa sababu mnunuzi alikuwa mtu wa kuandika. Wangapi walioshona kama yeye, au kumzidi, ambao kazi zao zimehifadhiwa na watu wasiojua hata kijiji walichotoka? Bi Mkubwa, hizo kofia zako ulizomshonea marehemu ziko wapi?

BIBI: Mbili ziko hapa. Moja alimpa rafiki yake wa Lamu. Nyingine zilikwenda na watu.

MWALIMU: Na huko zilikokwenda, wanajua ni kazi ya nani?

BIBI: Watajuaje?

MWALIMU: Ndiyo nisemayo. Mpewa hasahauliki, kwa kuwa kitu kiko naye. Anayesahauliwa ni mshonaji, na kwa desturi zetu husahauliwa upesi zaidi akiwa mwanamke.

BIBI: Mwalimu, wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba amali njema ikitangazwa huliwa na riya. Leo unataka niandike jina langu juu ya zawadi!

MWALIMU: Riya ni kufanya ili uonekane. Kuandika ili kitu kisipotee asili yake ni jambo jingine. Sisi tumeamrishwa kuandika deni, na wapokezi wa hadithi hawakuona haya kutaja nani amepokea kutoka kwa nani. Wala sikusema uliandike usoni. Liandikwe juu ya bitana, pembeni, mahali pasipoonekana mpaka mtu aupindue mfarishi kwa kuufua.

FUNDI: Hapo nami nina la kusema. Bitana ikiwa ni kipande kimoja kisicho na kiungo, jina hukaa vizuri na halisuguliwi upesi.

MWALIMU: Wako watu India, Fundi, wanaoshona kama ulivyosema. Ni Masidi wa Karnataka, watu wenye asili ya Afrika ambao wazee wao walipelekwa Bara Hindi katika karne zilizopita, wengi wao kupitia Goa iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Bitana yao ni sari kuukuu ya pamba, na juu yake hupanga vipande vya nguo zilizochakaa za nyumbani, wakianza ukingoni na kuzunguka kuelekea kati kwa bandi za mkono, hata tabaka zote zikashikana. Huuita kawandi. Nao wako Wakristo, wako Waislamu, wako Wahindu, kwa hiyo mwingine hutia misalaba na mwingine hutia mwezi. Lakini katika pembe nne wote hutia kitambaa kilichokunjwa kama ua, na mshonaji huona kwamba kawandi isiyo na maua hayo iko uchi. Aghalabu huwashonea watoto na wajukuu.

BIBI: Wanaanza ukingoni! Basi hao wamejua. Anayeanzia katikati hujikuta mwisho hana pa kwenda.

MJUKUU: Bibi, kuna neno moja sikulisema. Madaktari wa kule hawataki mtoto wa chini ya mwaka mmoja afunikwe mfarishi wala kitu chochote kilicholegea ndani ya kitanda chake, kwa kuchelea asizibwe pumzi. Kwa hiyo mwaka wa kwanza utatandikwa chini, achezee juu yake mchana mama yake akimtazama.

BIBI: Ni sawa. Sisi tuliwatandikia kanga juu ya mkeka, na hatukuwafunika uso. Basi ushone mwepesi, usijaze pamba nyingi, na upindo uwe mara mbili maana atautambaa. Na maneno ya kanga, Fundi?

FUNDI: Nimeyafikiria. Tusiyakate. Tuyatoe mazima kwa urefu, yawe ukanda wa upindo pande zote nne, kanga moja kila upande. Hapo mama mtu atayasoma, na atajua kuwa ni kanga za mama yake, kwa kuwa amekua akiziona kambani.

MJUKUU: Basi katikati nisidarizi kitu?

BIBI: Katikati weka kanzu ya babu, mjomba wako akiridhia. Kipande kimoja kikubwa, cheupe. Na jina la mtoto usitie. Langu… haya, tieni kwenye bitana, maana Mwalimu ameniambia habari ya yule Bi Harriet na nimemhurumia. Lakini msiandike “Bibi”. Bibi wa nani? Mji huu umejaa mabibi. Andikeni jina langu na la baba yangu.

MWALIMU: Kwa hati gani, Bi Mkubwa? Kanga za zamani zilichapwa kwa herufi za Kiarabu, na wewe barua zako zote umeziandika kwa hati hiyo.

BIBI: Na huyo mtoto ataisoma?

MJUKUU: Mama yake huisoma kwa taabu, Bibi. Mtoto sijui.

BIBI: Basi kwa hati zote mbili, na asiyeisoma moja ataisoma nyingine. Chini yake andika na jina lako wewe, maana mimi natoa shauri tu, vidole vitakavyochomwa ni vyako.

FUNDI: Mshono wa mnyororo utayafuata maandishi ya Kiarabu vizuri kuliko hayo mengine yenye pembe. Nitakuchorea kwa chaki. Lakini mkasi siushiki mpaka nijue habari ya Muscat.

MJUKUU: Mjomba amejibu sasa hivi. Kanzu ameridhia. Kikoi anakitaka mwenyewe.

BIBI: Mpelekeeni. Na Fundi amekwisha kusema kuwa ni kizito.